Uzoefu wangu na ramani ya kujengea mfano wa boti ya mvuke ya kivita, kipimo 1:24

Naanza na hukumu, kwa ajili ya wenye haraka: michoro ni mizuri, maelezo ni mabovu. Kama umeshashika randa na patasi, na una fundi wa vyombo wa kumuuliza, inunue. Kama ndiyo kwanza unaanza na uko peke yako, pesa zako zitaishia kuwa karatasi nzuri ya ukutani.

Ramani yenyewe ni ya boti ya mvuke ya futi 50 ya jeshi la majini la Uingereza. Manowari kubwa zilibeba boti hizi juu ya sitaha na kuziteremsha kwa doria, kupeleka maofisa nchi kavu na kulinda bandari usiku. Moja ya aina hiyo, Pinnace 199, imehifadhiwa Uingereza na bado inakwenda kwa mvuke. Kipimo ni 1:24, maana yake nusu inchi kwa kila futi, kwa hiyo mfano uliokamilika una inchi 25 za urefu na karibu inchi 5 za upana. Nusu inchi hiyo imenisaidia sana hapa Chake Chake, Pemba. Seremala ukimwambia moja kwa ishirini na nne anakutazama tu. Mwambie nusu inchi ni futi, anachukua rula na kazi inaanza.

Ami yangu haoni maana ya mtu mzima kukaa barazani akichonga chombo cha watu waliokuja kututawala. "Jahazi umekosa?" ananiuliza kila akipita. Sijakosa, lakini boti za namna hii ni sehemu ya historia ya kisiwa hiki, tupende tusipende. Sultani Barghash alitia saini mkataba wa Juni 1873 akakubali kufunga soko la watumwa na kuzuia watu wasisafirishwe kwa bahari, ila biashara haikufa, iliingia gizani. Kimbunga cha Aprili 1872 kilikuwa kimeangusha mikarafuu ya Unguja, ya Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, bei ikapanda na mashamba ya huku yakataka mikono. Waingereza wakaileta HMS London, manowari kuukuu ya mbao iliyoshushwa majini 1840, ikatia nanga Unguja kuanzia 1874 hadi 1884 kama kambi inayoelea. Yenyewe haikwenda kokote. Waliohangaika ni mabaharia wa boti zake, nyingine za makasia na matanga, nyingine za mvuke, wakivizia majahazi kwenye milango ya hori zetu za mikoko. Tarehe 3 Disemba 1881 nahodha wa London, Charles Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba akiwa katika boti ya mvuke iliyoitwa Wave, alipolikaribia jahazi lililobeba watumwa huku likipeperusha bendera ya Ufaransa.

Mimi nilitaka kujenga boti kama Wave, na hapo ndipo ninapomlaumu muuzaji. Tangazo lake lilisema ramani hii inafaa kwa "enzi za kupambana na biashara ya watumwa". Nilipoifungua nikakuta omo ya boti, yaani mbele yake, imewekwa mzinga wa Hotchkiss wa ratili 3, uzito wa kombora lake. Mzinga huo uliingia jeshi la majini la Uingereza katikati ya miaka ya 1880, wakati Brownrigg ameshalala kaburini. Boti iliyochorwa ni ya kizazi cha baadaye, cha miaka ya kuelekea Vita Vikuu vya Kwanza. Ni chombo kizuri na umbo lake linapendeza, lakini mtu anayetafuta Wave asidanganyike. Nilimwandikia muuzaji kumweleza. Akajibu kwa adabu, tangazo akaliacha vilevile.

Nilichukua faili la kupakua badala ya karatasi za posta. Bei ilikuwa chini ya paundi 20, na hukai kusubiri furushi lizunguke nusu ya dunia. Karatasi ni kubwa, hazichapiki kwenye mashine ya kawaida ya kutolea fotokopi, na kuunganisha vipande vidogo vidogo sikushauri hata kidogo. Nikavuka Unguja, nikaenda kwa watu wanaochapa ramani za majengo. Mwambie kijana wa mashine asiruhusu kompyuta "kurekebisha ukubwa", kisha kabla hujalipa chukua rula yako mwenyewe uupime mstari wa inchi 6 uliochorwa pembeni. Ukitoka inchi 5 na robo tatu, mrudishie. Mstari huo ni jambo la busara kabisa la mchoraji, nampa sifa yake. Karatasi zikishafika nyumbani, masika yakianza zinavuta unyevu na kunyumbuka, kwa hiyo vipimo vyote vihamishie kwenye plaiwudi mapema.

Sasa mistari ya boti yenyewe. Unapata picha ya ubavuni, picha ya juu, na mikato ya mwili, yaani umbo la boti kana kwamba imekatwa kwa upana, kutoka omo hadi tezi, nyuma. Michoro imetulia, wino mwembamba, majina yanasomeka. Nikapima kila mkato mara mbili, upana wa picha ya juu na upana wa mkato wenyewe, na karibu yote ilikubaliana isipokuwa mikato miwili ya mwisho kuelekea tezi, iliyopishana kwa zaidi ya milimita moja. Utasema milimita moja ni nini? Kwenye boti halisi ni inchi moja, na jicho linaiona, kwa sababu pale ndipo ubavu unapojikunja kuingia chini ya tezi.

Nikaikata mikato hiyo kwa plaiwudi, nikaibeba hadi kwa mzee mmoja anayeunda mashua ufukweni. Mafundi wetu hawachori. Huulaza mkuku, ule ubao mkuu wa chini, wakasimamisha omo na tezi, wakaanza kupandisha mbao za chini, na umbo la chombo liko kichwani mwao. Mzee aliitazama mikato yangu iliyosimama kifudifudi juu ya ubao ulionyooka, akacheka.

"Mwanangu, umeanza na mifupa. Nyama utaiweka wapi?"

"Ndivyo ramani inavyotaka, mzee."

"Haya. Lete ufito."

Akaupitisha ufito mwembamba juu ya mikato yote, kutoka omo kwenda tezi, akaukandamiza kwa vidole. Penye mkato wa pili kutoka nyuma ufito ukaacha nafasi. Hakuuliza ramani inasemaje. "Hapa pana njaa," akasema, "na huyu wa mbele yake ameshiba mno." Nikapunguza mmoja kwa tupa, mwingine nikaubandikia ukanda wa plaiwudi, ufito ukalala vizuri. Karatasi ya maelezo haisemi neno hata moja juu ya kazi hii, na bila kazi hii boti yote inatoka na kibyongo.

Orodha ya mbao ndiyo iliyonikasirisha zaidi. Inataja balsa na mbao nyingine za maduka ya mifano ya Ulaya kama kwamba kila mji una duka hilo. Hapa kwetu lazima ufikiri mwenyewe, na la kwanza la kufikiri ni uzito. Urefu unapungua mara 24, lakini uzito unapungua mara 24 kwa 24 kwa 24, yaani mara 13,824. Boti yenye tani 15 inakuwa mfano wa kilo moja na kidogo tu, pamoja na mota, betri, rangi na kila kitu. Ukiijenga kwa mvule kwa sababu mvule ndio ubao wa heshima, itakaa majini hadi kwenye ukingo kabla hujaweka betri.

Badala ya balsa nimetumia msufi. Miti hii miwili ni jamaa, ubao wa msufi ni mwepesi na patasi inaingia bila ugomvi. Hakuna anayeutaka kwa milango wala vitanda, kwa hiyo nilipewa kipande karibu na bure. Ubaya wake ni kwamba ukiuacha mbichi unashika ukungu upesi na wadudu wanaupenda. Ukaushe, na ukishauchonga uzibe kwa gundi ya mirija miwili iliyolainishwa, ndani na nje. Msufi nimeuweka omo na tezi, kwenye mikunjo migumu. Kati nimeacha mikato ya plaiwudi ya milimita 3.

Ngozi ya boti ni hadithi nyingine. Boti halisi zilikuwa na tabaka mbili za mbao zilizolazwa mshazari, moja ikielekea huku na nyingine kule, katikati yake kitambaa. Ndiyo maana zilistahimili kuning'inizwa kwenye kreni na kubamizwa na mawimbi ubavuni mwa manowari. Ramani inataja jambo hili kwa maneno machache pembeni, kisha inakushauri ufunike mfano wako kwa vipande vya kulala sawasawa na mkuku na upake rangi. Sikukubali. Nimelaza fito za mkangazi mshazari, tabaka mbili, bila kitambaa maana uzito ungezidi. Kazi ni ya kuchosha mno. Kila ufito unataka kulainishwa kwa maji ya moto, kukunjwa, kubanwa kwa vibanio vya nguo hadi ukauke, na wakati wa masika haukauki. Lakini ubavu wake ukishapigwa msasa unaonesha nyuzi za mbao zikipita mshazari chini ya vanishi, na ubavu mmoja nimeuacha bila rangi kwa ajili hiyo tu. Mzee wa ufukweni, ambaye mbao zake zote hulala kufuata mkuku na kukalafatiwa kwa pamba, aliupapasa ubavu ule kwa muda, akauliza, "Na hii ikivuja, unaikalafati wapi?" Swali zuri. Sina jibu.

Vitu vidogo sitavieleza vyote. Dohani nimeipata kwa fundi wa friji, kipande cha bomba la shaba alilokuwa amelitupa. Mtutu wa mzinga nimeuchonga kwenye shaba na kutoboa tundu la milimita 2, kwa kuwa Hotchkiss ya ratili 3 ina kinywa cha milimita 47, nawe gawanya kwa 24. Mchoro wa mzinga huo, na wa paa la tezi wanapokaa maofisa, ni bora kuliko yote iliyomo kwenye ramani. Mchoro wa injini haumo, kwa hiyo anayetaka kuonesha bwela na mabomba ndani atafute penginepo.

Rangi nazo hazikutajwa. Hapa historia inasaidia: manowari za Uingereza za nchi za joto zilikuwa nyeupe na dohani za rangi ya ngano hadi mwanzoni mwa karne ya 20, ndipo rangi ya kijivu ikaingia. Nimechagua nyeupe kwa ubavu wa pili. Mpwa wangu anasema imekuwa kama boti ya watalii, na sina hoja ya kumpinga.

Majini ilikuwa swali la chubwi. Katika hodhi la nyumbani ilikaa juu mno na kuyumba, nikapanga chubwi za mshipi kando ya mkuku hadi mstari wa maji ukafika pale ramani inaposema. Mstari huo umechorwa sawa kabisa. Baadaye tukaipeleka kwenye dimbwi kubwa la maji kupwa. Mota ya kuchezea ilikuwa na nguvu kupita kiasi, ikainua omo kama boti ya mwendokasi, kichekesho kwa chombo cha mvuke. Kwa mwendo nao kuna hesabu yake: unagawanya kwa kipeuo cha pili cha 24, karibu 4.9. Boti ya maili 12 za baharini kwa saa inatakiwa kwenda, kwa mfano huu, mwendo wa mtu anayetembea. Nikapunguza betri, ikatulia, na mawimbi yake yakawa madogo na ya kuaminika.

Kuna toleo la bei kubwa zaidi linalokuja na mbao zilizokatwa tayari. Sikulinunua na sioni sababu ya mtu wa visiwani kulinunua, kwani gharama ya kusafirisha inapita ya mbao, na mbao bora zaidi tunazo. Chukua michoro peke yake, maelezo yasome mara moja kisha yaweke kando, mikato miwili ya tezi usiiamini.

Tatizo langu lililobaki ni fito. Msumeno wa mashine unakula ubao mwingi kuliko ufito wenyewe, unatoa fito ya milimita moja na unga wa milimita tatu, na mkangazi si ubao wa kuchezea. Kama kuna mwenzangu Unguja au Pemba anayemjua fundi mwenye msumeno mwembamba wa kuchana fito za milimita moja, naomba anielekeze, maana nataka kuanza nyingine kabla ya kaskazi.