Mipira ya usukani wa baiskeli: ipi ununue, ipi uiache dukani

Ukitoka Buhongwa alfajiri na kufika Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, huku kidole kidogo na cha pete vimekufa ganzi, usiseme ni uzee. Kuna mshipa wa fahamu unaopita kwenye kiganja upande wa kidole kidogo, na mpira mwembamba au uliolika huukandamiza njia nzima. Gripu mpya, yaani mpira mpya wa kushikia usukani, ndiyo dawa ya kwanza kujaribu. Tatizo letu tunanunua kwa kubonyeza kwa dole gumba pale kaunta, na kila kinachobonyea tunakiita kizuri.

Kwangu namba moja ni raba yenye bawa, ya kufunga kwa skrubu. Bawa ni ule upana wa nyuma unaobeba kiganja, hivyo uzito haulali sehemu moja. Kwa kuwa imekazwa kwa alenki (spana ya pembe sita), haizunguki hata kwenye mvua ya masika. Ni ghali kuliko nyingine, na ukiifunga vibaya inaumiza zaidi ya ile uliyoitoa: bawa likitazama juu sana, kifundo cha mkono kinakunjika. Panda baiskeli, shika kama kawaida, kifundo kinyooke, ndipo ukaze. Taratibu lakini, skrubu zile huisha meno upesi.

Ya pili ni raba ya kawaida yenye mistari. Kwa anayebeba viroba vya dagaa na kuegesha popote, hii inamtosha kabisa. Mwenye kiganja kikubwa achukue nene, mwenye kidogo nene itamchosha. Isugue kwa leso nyeupe kabla ya kulipa. Ikiacha weusi, mrudishie mwenye duka.

Silikoni naiweka ya tatu: inashika vizuri, ila huchanika ukiitoa kwa pupa.

Sponji ni ya mwisho, nami nasema kwa kuumwa. Wiki ya kwanza niliiona godoro. Kisha ikanywa jasho, ikanywa mvua, na baada ya kubeba sangara mara mbili harufu ikagoma kutoka. Baiskeli ikaanguka mara moja tu, ncha ikachanika. Za ngozi zinapendeza, basi.

Nenda dukani na mpira wa zamani. Bomba la usukani ulionyooka kwa kawaida lina kipenyo cha milimita 22.2, usukani uliopinda wa baiskeli za mbio ni mnene zaidi, kama 23.8. Kama gia yako ni ya kuzungusha kwa kiganja, upande huo unataka mpira mfupi.

Wa zamani ukate kwa wembe. Raba ya kusukuma, isiyo na skrubu, ilainishe ndani kwa spiriti kidogo, maana hukauka yenyewe. Usitumie oili kamwe, utabaki na mpira mkononi ukiteremka mlima wa Bugando. Na usiondoke dukani bila vifuniko vya ncha: bomba lililo wazi hukata nyama mtu akianguka.