Tochi ya sumaku na jeep za zamani: uzoefu wangu Lubumbashi

Tochi hii niliinunua soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, kwa franka 15,000. Haina jina la kampuni, wala boksi lake halina. Ina urefu wa kalamu mbili, shingo inayokunjika, taa moja kichwani na nyingine ubavuni, na kitakoni ina sumaku. Inauzwa kwa mafundi wa garaji, ili waibandike chini ya boneti na kubaki na mikono yote miwili. Mimi si fundi. Ninatafuta magari ya zamani ya jeshi ambayo watu wameyatunza viwanjani mwao, ninaomba ruhusa ya kuyaangalia, kisha ninaandika daftarini kila moja ni gari gani hasa. Nimeitumia miezi minane sasa, na kwa kazi hiyo imenifaa kuliko simu yangu na picha zote nilizozikusanya.

Picha zinadanganya kwa sababu gari likiishi Katanga miaka 60 hubadilishwa kila kinachoonekana. Unakuta taa za pikipiki, grili ya nondo za kuchomelea, injini ya Toyota, rangi ya tano juu ya nne. Ukilitambua kwa sura, utakosea. Shasi, bolti na aina ya chuma havibadilishwi kirahisi, na vyote hivyo viko gizani, chini ya vumbi jekundu na grisi iliyoganda.

Chukua jeep ya Vita vya Pili vya Dunia. Hapa kwetu kila mtu huiita Willys. Lakini jeshi la Marekani lilizipata kutoka kampuni mbili: Willys iliunda zaidi ya 350,000 za aina ya MB, na Ford ikaunda zaidi ya 270,000 za aina ya GPW kwa mchoro uleule. Ukisimama pembeni ni mapacha. Sasa bandika tochi nyuma ya bampa, ukunje shingo yake, umulike chini ya rejeta. Kuna chuma kinachounganisha mihimili miwili ya shasi kwa mbele. Kikiwa bomba la mviringo, hiyo ni shasi ya Willys. Kikiwa chuma kilichokunjwa pembe, kama mfereji uliofunikwa kifudifudi, ni ya Ford.

Ukimaliza hapo nenda kwenye bolti, maana Ford walipiga herufi F kwenye vichwa vya bolti na kwenye vipuri vingi. Ukizimulika uso kwa uso huoni kitu. Ilaze tochi, mwanga upite sambamba na chuma, na kivuli kitaingia kwenye michoro ya herufi hata kama rangi imeijaza. Ndivyo ninavyosoma pia namba za shasi. Kwa Ford huwa zimepigwa juu ya mhimili wa kushoto, karibu na injini. Kwa Willys zilikuwa kwenye kibati kilichopigwa riveti ndani ya mhimili huohuo, nyuma ya bampa. Chaki ya shule ukiisugua juu ya namba inasaidia. Msasa usiuguse kabisa! Rangi za chini ni sehemu ya historia ya gari, na ukishazifuta hazirudi.

Grili ninaiangalia mwisho. Ya GPW na MB nyingi ina matundu 9, ya CJ-2A, jeep ya kiraia iliyoanza mwaka 1945, ina 7. Grili hubadilishwa kwa saa moja, kwa hiyo ninapenda kuangalia nyuma: CJ-2A ina mlango wa kushusha, zile za vita hazina.

Taa peke yake ningeipata hata kwa franka 5,000. Sumaku ndiyo iliyonifanya niandike haya.

Mtaa wa Katuba, hapa mjini, kuna mama mjane anayetunza gari la marehemu mume wake chini ya muembe. Limefunikwa bashi (turubai), matairi yameinuliwa juu ya matofali. Wanunuzi wa vyuma chakavu wamekuja mara kadhaa na bei ya kilo, na kila mara amewarudisha. Aliniambia: "Mutoto yangu, baba ya batoto alisemaka hii ni Land Rover ya Baingereza." Nami nilipoiangalia niliamini hivyo. Grili haikuwepo. Madigadi ya mbele yalishawahi kugongwa, fundi wa mtaani akayaunda upya. Mahali pa kibati cha kiwandani palibaki matundu manne ya riveti tu.

Land Rover ilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948. Wakati ule Uingereza chuma kilikuwa cha mgao, kwa hiyo mwili wa gari ukatengenezwa kwa alumini. Sumaku haishiki alumini. Mwaka 1952 kampuni ya Minerva ya Antwerp ikaanza kuziunda Ubelgiji kwa leseni, kwa ajili ya jeshi la Ubelgiji, na zake zilikuwa na mwili wa chuma. Madigadi yake ya mbele yameinama kwa mshazari. Ya Kiingereza hushuka wima.

Nilibandika tochi kwenye digadi, ikashika. Hiyo haikuthibitisha kitu, kwa kuwa bati lile lilikuwa la fundi wetu. Ukuta ulio mbele ya miguu ya dereva nao ni wa chuma hata kwenye gari la Kiingereza, kwa hiyo niliuacha. Nikahamia nyuma, kwenye ubavu wa sanduku la mizigo, katikati kabisa, mbali na kingo za juu. Tochi ikaning'inia. Nikajaribu ubavu wa pili, ikaning'inia tena. Mahali pamoja tu tochi iliteleza ikaanguka, na nilipogonga kwa kidole nikasikia sauti ya mastiki nene: pale mwili ulishawahi kuzibwa.

"Mama, hii ni ya Babeleji. Iliundwa Antwerp."

Alikaa kimya kidogo, kisha akamwita mjukuu wake alete daftari la shule, nimwandikie jina: Minerva. Nilimwandikia kwa herufi kubwa, na chini yake maelezo ya namna ya kulijaribu kwa sumaku, mtu mwingine akija asije akabisha. Mji huu ulipoitwa Élisabethville ulipitiwa na magari ya majeshi mengi, hasa kati ya 1960 na 1963. Yaliyobaki viwanjani ni machache, na kila moja linalokatwa kwa gesi linauma.

Sasa kasoro zake. Muuzaji aliniapia kwamba haiingii maji. Mvua ya kwanza ya Novemba iliingia, taa ya ubavuni ikazima siku tatu. Betri ilikuwa inadumu kwa muda wa saa tatu, sasa muda wa saa moja na nusu tu, na mtaani kwetu umeme ukikatika usiku mzima unaondoka asubuhi na tochi iliyolala. Shingo imeanza kulegea. Sumaku huokota vumbi la chuma, na usipoifuta itachora rangi ya gari la mwenyewe. Mimi nimeivalisha kipande cha soksi ya pamba, bado inashika.

Na neno kwa vijana wanaoniomba niwachukue. Tochi, simu na daftari ni vya magari yaliyostaafu, ndani ya kiwanja cha mtu, mwenyewe akiwa pale na amekubali. Gari la jeshi linalofanya kazi leo hulimuliki wala hulipigi picha, hata likiwa limeegeshwa mlangoni kwako.

Ukienda kuinunua, iwashe, uibandike kwenye mlango wa chuma wa kibanda ikiwa imelala, si imesimama, kisha ugonge mlango kwa ngumi mara mbili. Mbili za kwanza nilizopewa zilianguka. Ya tatu ndiyo ninayo mpaka leo.