Wiki nne kwenye darasa la midahalo: hao "wenyewe" ni akina nani?

Nilijiandikisha kwenye darasa hili la mtandaoni nikijua nitasimama upande gani. Mada ni moja kwa wiki zote nne: nchi isipeleke jeshi kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi nyingine. Mimi nimeipinga kauli hiyo tangu mwaka 1994. Kura ya kupanga pande ikapigwa, nikaangukia kwenye kuiunga mkono. Nikamwandikia mwezeshaji kumwomba anibadilishe. Jibu lake lilikuwa neno moja: "Hapana." Nyota ya kwanza ni ya hiyo hapana.

Utaratibu wenyewe: kila wiki unatumiwa kabrasha, unapewa siku tatu kulisoma, kisha mnakutana kwa saa moja na nusu. Kila msemaji ana dakika saba, kengele inalia ya sita ikiisha. Halafu kuna sheria moja niliyoiona ya kibabe: methali si hoja, ukiitumia unakatwa alama. Nikaielewa wiki ya kwanza, pale mwenzangu wa upande wetu, kijana mwenye sauti ya redio, alipofungua kwa madaha: "Ndugu wakigombana, shika jembe ukalime." Mama mmoja wa upande wa pili, mpole wa kuogopesha, akamuuliza: "Na wakishamalizana, hilo kapu utaenda kuvuna na nani?" Kijana akatafuta karatasi zake. Tukakatwa alama, na ilikuwa haki.

Kabrasha la wiki hiyo lilikuwa la sheria, na kwa kweli ni kavu. Niliupenda ukurasa mmoja tu, ule wa Sheria ya Kuanzisha Umoja wa Afrika ya mwaka 2000. Ibara ya 4, kifungu (g), kinakataza mwanachama kuingilia mambo ya ndani ya mwenzake. Kifungu cha (h), mlango wa pili tu, kinaupa Umoja haki ya kuingia kwa mwanachama pakiwa na uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya binadamu. Mimi ni mhariri, kazi yangu ni kusoma vifungu vya watu, na sijawahi kuona majirani wawili wanaotazamana vile.

Wiki ya pili ndiyo iliyonifanya nisiwadai pesa zangu. Hispania, 1936, vita vya wenyewe kwa wenyewe. Nchi 27 za Ulaya zilikubaliana zisipeleke silaha wala askari, kukaundwa kamati ya kusimamia ahadi hiyo, ikawa inakutana London. Ujerumani na Italia zilikaa mezani huku ndege na watu wao wakimpigania Franco, jenerali aliyeiasi serikali. Umoja wa Kisovieti nao ulikaa mezani huku vifaru vyake vikielekea kwa serikali ya Jamhuri. Aprili 26, 1937, ndege za Kijerumani na Kiitalia zikaupiga mji wa Guernica, na kamati ikaendelea na vikao vyake. Sasa mimi ndiye wa kutetea kutoingilia! Nikasema kilichoshindwa pale si kutoingilia, maana hakikujaribiwa hata siku moja. Jaji mmoja akanipa alama kamili. Usiku sikulala vizuri. Hoja isiyoweza kulaumiwa kwa lolote, kwa sababu kila ikishindwa unasema haikuwa yenyewe, nikiikuta kwenye muswada wa mtu huwa naizungushia kalamu nyekundu.

Libya ilikuwa ya wiki ya tatu, na hapo nilistarehe. Azimio namba 1973 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, lililoruhusu nguvu za kijeshi, Machi 17, 2011: kura 10 za ndiyo, nchi 5 hazikupiga, hakuna aliyekataa. Wajumbe watatu wa Afrika waliokuwamo, yaani Afrika Kusini, Nigeria na Gabon, wote walisema ndiyo. Lengo lililoandikwa ni kulinda raia. Oktoba Gaddafi alikuwa ameuawa, na miaka mitatu baadaye nchi ilikuwa na serikali mbili zinazogombania uhalali. Dakika mbili nzima nilizimalizia kwenye neno "kati". Tunasema kuingilia kati, nikawaambia, lakini anayeamua ugomvi husimama katikati ya wagomvi. Ndege za NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi uliolitekeleza azimio lile, zilisimama wapi?

Wiki ya mwisho, Rwanda. Yule mama alisoma tarakimu mbili tu: kikosi cha Umoja wa Mataifa kilikuwa na askari kama 2,500, Aprili 21, 1994, mauaji yakiendelea, Azimio 912 likaamuru kipunguzwe hadi 270. Akakaa. Alikuwa bado na dakika tatu. Nikajibu kwamba askari wale hawakuvamia, waliitwa na pande zote mbili, serikali na waasi wa RPF, chini ya makubaliano ya amani ya Arusha ya 1993, kwa hiyo kosa lilikuwa kuondoka, na mada yetu inahusu kuingia. Tukashinda raundi. Mama akanipongeza kwa adabu, na pongezi ile ilinikaa kooni kuliko kushindwa.

Sasa manung'uniko. Alama huchelewa siku tano na huja bila maelezo. Sauti ilikatika wiki ya tatu katikati ya zamu yangu na dakika sikurudishiwa. Hayo yanavumilika. Lisilovumilika ni kwamba makabrasha yote yanachukulia kuna ndani na nje, na kwamba mgeni bado yuko mlangoni anabisha hodi. Kiswahili chetu nacho kinawasaidia: ukishasema "wenyewe kwa wenyewe", mgeni ameshaambiwa hayamhusu. Kongo ya 1998 haimo kabisa, vita ambavyo Rwanda na Uganda zilikuwa upande mmoja, Angola, Zimbabwe na Namibia upande wa pili. Wenyewe walikuwa akina nani pale? Kuhusu anayeuza bunduki bila kupeleka askari hata mmoja, hakuna mstari. Nilipouliza, nikajibiwa kuwa ni nje ya mada.

Anayetaka kujifunza kusema mbele za watu atapata thamani ya pesa yake, hasa akipangiwa upande asioutaka. Asome kabrasha la Hispania mara mbili. Naacha nyota nne. Ya tano nimeizuia mpaka Kongo iingizwe.