Biblia ya zipu, herufi kubwa: miezi saba nayo

Niliinunua hapa Tanga mjini, Union Version ya herufi kubwa, kwa elfu thelathini na tano baada ya kuvutana kidogo. Zamani nilisomea kwenye simu, lakini simu ina mambo mengi: nafungua Mathayo, mara nimeshaingia WhatsApp, kundi la kwaya linagombania sare.

Hii inakaa juu ya ndoo ya unga. Alfajiri, vitumbua vya kwanza vikiwa kikaangoni, nasoma. Sura 3 kwa siku na 5 Jumapili, zote 1,189 zinaisha ndani ya mwaka. Mambo ya Walawi yalinikwamisha wiki nzima, sisemi uongo. Zaburi ya 119, mistari 176, niliigawa siku tatu.

Herufi naziona bila miwani, hata kwa taa ya sola. Karatasi ndiyo nyembamba mno, na kwa unyevu huu wa bahari zinashikana; kitabu cha Ruthu nilikiruka bila kujua. Zipu? Mwezi wa pili iling'oka meno. Muuzaji akanijibu, "Mama, mimi nauza Neno, siuzi zipu." Fundi viatu wa Ngamiani kaniwekea nyingine kwa elfu mbili, imara kuliko ile.