Uzoefu wangu: podikasti ya British Museum, na namna ya kujiunga bila kumaliza bando

Kama hujawahi kusikiliza podikasti ya makumbusho, yaani vipindi vya sauti unavyopakua na kusikiliza kwenye simu, anza na kipindi cha vigae vya Kilwa, vipande vya vyombo vilivyovunjika zamani. Ni cha 60 katika mfululizo wa A History of the World in 100 Objects, ambao British Museum ya London iliuandaa pamoja na BBC Radio 4 mwaka 2010. Vipindi viko 100, kila kimoja kama robo saa, na kila kimoja kinashika kitu kimoja tu kilichohifadhiwa humo. Msimulizi ni Neil MacGregor, mkurugenzi wa makumbusho hayo wakati huo.

Vigae vyenyewe viliokotwa ufukweni Kilwa Kisiwani. Ukiviona pichani unaweza kudhani ni takataka za jikoni: vipande vya kaure ya kijani kutoka China, vya buluu kutoka Mashariki ya Kati, na vya kahawia vya vyungu vilivyofinyangwa huku huku kwetu. Kwa vipande hivyo MacGregor anakujengea biashara nzima ya Bahari ya Hindi, kaskazi ikileta majahazi na kusi ikiyarudisha. Nilichopenda zaidi ni kwamba wenyeji nao wanasikika. Yumo Bertram Mapunda, mwanaakiolojia Mtanzania, na yumo Abdulrazak Gurnah, mwandishi mzaliwa wa Zanzibar, miaka 11 kabla ya kupata Tuzo ya Nobel.

Ukimaliza, rudi kipindi cha 2 na cha 3. Hizo ni zana za mawe kutoka Olduvai, na ile ya kwanza ina umri wa karibu miaka milioni 2. Zinazungumzwa kama mwanzo wa binadamu wote, na mimi kama Mtanzania nilisikiliza kifua mbele.

Sasa kujiunga. Wengi wanaogopa kitufe cha “Subscribe” wakidhani watakatwa hela. Kwa podikasti ya bure kama hii hukatwi kitu. Unaiambia simu iuweke mfululizo kwenye orodha yako, basi. Programu nyingine zimeandika “Follow”, kazi ni ile ile. Mimi natumia AntennaPod kwenye Android: ni ya bure, haina matangazo yake na haidai ufungue akaunti. Andika jina la mfululizo sehemu ya kutafuta, ufungue, ubonyeze kujiunga. Wa iPhone tayari mna Apple Podcasts.

Usisikilize moja kwa moja kwa bando. Ingia kwenye mipangilio, ruhusu upakuaji kwa Wi-Fi pekee, kisha pakua vipindi kadhaa ukiwa mahali penye mtandao wa bure. Baada ya hapo unasikiliza hata ndani ya basi lililoingia porini kusiko na mtandao. Kingine, panga vipindi kuanzia cha zamani, maana programu nyingi huweka cha mwisho juu, na hapa mpangilio una maana: simulizi inasonga na wakati hadi taa ya sola kwenye kipindi cha 100.

Kiingereza chake kimenyooka, mwanafunzi wa sekondari atakifuata. Ila natamani sana kusikia habari za Kilwa zikisimuliwa hivi kwa Kiswahili, kwa utulivu huu huu na utafiti huu huu. Nyota nne kati ya tano. Ya tano naizuia kwa sababu sauti peke yake haikuonyeshi kitu kinachoelezwa, kwa hiyo tafuta kwanza picha yake kwenye tovuti ya makumbusho, uitazame, ndipo ubonyeze kusikiliza.