Friza ya kulala kwa ajili ya ngozi na ndege wa kukausha, nimeitumia miaka miwili hapa Tabora

Wakuu habari za saa hizi. Kazi yangu ni taksidemi, yani kuchuna ngozi ya mnyama au ndege, kuitia dawa na kuijazia umbo mpaka akae kama yuko hai. Nipo Tabora mjini, huku Ng'ambo. Napokea zaidi mbuzi, kondoo, kanga wa kufugwa na samaki wa kupamba ukutani, za porini bila kibali sigusi kabisa. Kazi zinakuja nyingi kwa mpigo halafu mikono ni miwili tu, kwahiyo bila friza ngozi inaoza.

Mara ya kwanza nilinunua ile ya kusimama, nofrosti, droo safi safi, muuzaji akanihakikishia sitahangaika kukwangua barafu. Kweli sikuhangaika. Ila nofrosti ina feni inayozungusha hewa kavu muda wote, na kila baada ya masaa kadhaa kuna hita inawaka kuyeyusha barafu kule nyuma, sasa ile hewa inanyonya maji kwenye kila kitu kilichomo ndani. Kwa mboga ya wiki mbili huoni tofauti, kwa ngozi inayokaa miezi mitano ni msiba. Nilimtoa beberu wa mteja mmoja, masikio, midomo na kope zimekauka ngumu kama ukoko wa ugali, nikaloweka, nikasubiri, hazikulainika, dawa haikuingia na manyoya ya sikio yakabaki vidoleni mwangu. Yule mzee alimlea huyo beberu toka kitoto. Iliniuma sana na inaniuma hadi leo.

Ndio nikahamia kwenye friza ya kulala, lita 300, ile ya kawaida inayoganda barafu pembeni. Aisee kwa kazi hii sirudi nyuma. Haina feni, kwahiyo ngozi ikifungwa vizuri kwenye nailoni mbili na hewa ikasukumwa yote nje inatoka mbichi kama ulivyoiweka. Halafu mlango upo juu, ukifungua baridi inabaki chini haimwagiki miguuni, na umeme wetu mnaujua. Ikijaa na usipoifungua inashika kama siku mbili, ikiwa nusu ni kama siku moja, mimi nafasi tupu najaza chupa za maji. Masika iliyopita ulikata jioni ukarudi kesho yake alasiri, nikafungua kanga bado ni jiwe.

Dukani usiangalie rangi. Geuza nyuma usome kibandiko, kuna herufi za hali ya hewa: N mwisho wake joto la nyuzi 32, ST 38, T 43. Chumba changu ni cha bati na mwezi wa kumi kinapita 32 mapema tu, chukua T. Bana karatasi kwenye raba ya mlango uivute, ikitoka kirahisi achana nayo. Na pima urefu wa ndani kwa futi kamba, maana nililetewa kuhe kutoka Kigoma kwa treni, samaki mrefu yule, ukimkunja mkia ameharibika (mapezi yake yafunge kitambaa kibichi kwanza, yakikauka yanavunjika kama majani makavu).

Namba za kwenye kitufe sio nyuzi joto, nunua kipimajoto chako uweke ndani. Kuhifadhi nataka -18 kushuka chini. Ndege aliyekwisha kamilika akiingiwa na nondo au wale wadudu wanaokula manyoya, nafunga kwenye nailoni nampa -20 wiki mbili.

Na jamani msitie chumvi ngozi halafu mkaigandisha, chumvi inazuia isigande vizuri na bakteria wanaendelea. Wala usiingize ngozi ya moto imekunjwa, katikati inakaa na joto muda mrefu na manyoya yanaanza kunyofoka pale pale, itandaze ipoe kwanza. Friza haiui kila kitu pia, kimeta kinabaki hai humo, kwahiyo mnyama aliyekufa hovyo hovyo simpokei na chakula cha nyumbani hakiingii humo hata siku moja.

Ubaya wake? Cha chini mpaka uhamishe vyote vya juu, kwahiyo naandika kwa penseli jina na tarehe kwenye kila mfuko. Na kila miezi mitatu minne nakwangua barafu, siku nzima inaenda, vitu navihamishia kwa jirani muuza barafu, kila kimoja nimekifunga nailoni tatu.

Nililipa milioni moja na kidogo pamoja na friji gadi, hiyo usiiache, umeme ukirudi kwa kishindo kompresa ndio inakufa. Ilikuja kwa guta, nikaiacha imekaa sawa bila kuiwasha usiku kucha ndio asubuhi nikachomeka.