Seramiki kwenye gari jipya, miezi 14 baadaye: uzoefu wangu Dar es Salaam

Gari ni saluni nyeusi, limepigwa seramiki wiki ya pili tangu litoke yadi. Seramiki ni dawa ya maji inayopakwa juu ya rangi ya gari na kukauka kuwa tabaka nyembamba ya kuikinga. Usiku linalala nje, uani Mbezi Beach. Mchana linashinda juani mjini. Nililipa shilingi 900,000, polishi ikiwa ndani ya bei hiyo. Niseme mapema: huduma nimeiridhia, lakini si kwa zile sababu nilizoelezwa wakati wa kulipa. Niliambiwa rangi haitakwaruzika, kuosha kutapungua, na kwamba miaka mitano sitarudi tena. Hayo yote matatu hayakuwa kweli. Kazi kubwa ya seramiki ni moja: inafanya vumbi na tope visishike sana, kwa hiyo kitambaa kinapita mara chache na kwa mkono mwepesi. Anayeosha gari vibaya asiinunue, maana ataikwangua pamoja na rangi yenyewe.

Ukijua unene wa rangi utaelewa ninachosema. Rangi ya kiwandani, kuanzia praima mpaka ile tabaka angavu ya juu ambayo mafundi wetu huiita klia, kwa kawaida ni maikroni 100 hadi 150 (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Klia peke yake ni kama 40 au 50, yaani nyembamba kuliko unywele wa kichwani. Seramiki inaongeza maikroni 1 au 2 tu. Ile "9H" iliyoandikwa kwenye boksi ni kipimo cha penseli: wanachora juu ya tabaka kwa penseli za ugumu tofauti na kuangalia ipi inaacha alama, na 9H ndiyo penseli ngumu kuliko zote katika kipimo hicho. Punje ya mchanga wa Dar ni ngumu kuliko penseli yoyote. Kitambaa chenye punje tatu za mchanga kinaikwaruza seramiki kama kinavyokwaruza klia.

Sasa kazi ilivyofanyika, kwa sababu hapa ndipo mafundi wengi wanapokatisha njia. Gari lilioshwa, kisha likapuliziwa dawa ya kuyeyusha chembe za chuma. Usidhani gari jipya halina chembe hizo. Zinadondoka zikiwa moto kutoka kwenye breki na kwenye reli na kujichomeka kwenye klia. Dawa ikizifikia hugeuka zambarau. Kwenye milango, sehemu za chini, michirizi ya zambarau ilikuwa inateremka kama juisi ya zabibu, na harufu yake ni ya yai viza. Baada ya suuza ukaja udongo maalumu wa kusafishia rangi, unaoteleza juu ya maji ya sabuni. Kipimo cha kujua kama umefanya kazi yake: vaa glovu nyembamba ya plastiki, pitisha vidole juu ya boneti iliyolowa. Ukisikia kama msasa laini, bado. Kukiteleza kama kioo, tayari.

Polishi ilikuwa nyepesi, kwa sponji laini na mashine ile inayozunguka huku ikiyumba, si ile ya kuzunguka tu ambayo mkononi mwa mtu wa haraka huchoma kingo. Halafu kila kipande cha bodi kikafutwa kwa spiriti ili mafuta ya polishi yaondoke, maana seramiki haishiki juu ya mafuta. Chupa ya mililita 30 inatosha saluni moja, tabaka moja. Unadondosha matone sita hivi kwenye kipande cha kupakia, unapaka eneo la sentimita 50 kwa 50, kwanza wima kisha mlalo, unasubiri rangi za upinde wa mvua zijitokeze, ndipo unafuta.

Hapo kwenye kusubiri ndipo hali ya hewa ya Dar inapomkomesha fundi. Seramiki hizi hukauka kwa unyevu wa hewa, na sisi unyevu tunao asubuhi, mchana na usiku. Maelekezo ya chupa yaliandikwa kwa nchi baridi. Yakisema dakika tatu, hapa dakika moja inaweza kuwa nyingi. Ukichelewa kufuta, panabaki baka zito linaloonekana kama mkono wa mafuta. Mimi nilibakiziwa mawili, kwenye nguzo ya nyuma upande wa dereva na chini ya kishikio cha mlango. Ndani ya karakana yenye taa za juu hayakuonekana. Yalionekana kesho yake juani. Likishakauka baka halitoki kwa kitambaa, linatolewa kwa polishi, na kipande kinapakwa upya. Walirekebisha bila malipo, nawashukuru, ila ilibidi nirudi. Kabla ya kutoa hela, zunguka gari lote na tochi ya simu ukiishika pembeni, karibu na bati, usimulike moja kwa moja. Tochi ya pembeni haifichi kitu.

Gari lilale chini ya paa saa 24 za kwanza bila kuguswa na maji, hata umande, na sabuni isiguse kwa siku 7. Karakana ambayo inakukabidhi gari jioni ileile ukalilaze nje, usikubali.

Nije kwenye maji, jambo ambalo sikusikia mtu akilizungumza na ndilo lililonisumbua kuliko yote. Ukanda wetu wa pwani, visima vingi vina chumvi na chokaa. Seramiki inayafanya maji yasimame kama shanga, picha zake zinapendeza sana. Lakini kila shanga ikikaushwa na jua inaacha chumvi yake yote kwenye kiduara kimoja kidogo. Gari lisilo na seramiki maji hutandaa, alama inakuwa hafifu. Lenye seramiki linapata vidoadoa vyeupe vyenye kingo kali. Mwezi wa tatu tangu kupaka, boneti yangu ilikuwa kama imenyunyiziwa chokaa.

Pima maji yako kabla ya kulaumu seramiki. Dondosha matone machache kwenye kioo cheusi au skrini ya simu iliyozimwa, acha yakauke. Yakiacha duara jeupe, maji hayo yanafaa kuondolea tope tu, suuza ya mwisho tafuta mengine. Maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, yaliyohifadhiwa kwenye simtanki kwangu yameacha alama kidogo sana ukilinganisha na kisima. Maji ya mvua ni mazuri kuliko hayo, mradi uyaache yale ya kwanza yanayosafisha vumbi la paa la nyumba. Na kuna chanzo ambacho watu wanakimwaga kila siku: maji ya kiyoyozi. Ni unyevu wa hewa uliogeuka maji kwenye bomba baridi, hayana chumvi ya ardhini. Kwa joto letu, mashine moja ya chumbani inakupa lita kadhaa kwa usiku mmoja. Weka ndoo safi chini ya mpira, chuja kwa kitambaa, na lita 20 zinatosha kusuuza saluni mara ya mwisho. Yamwage polepole kuanzia paani, bila kunyunyiza, yateremke kama shuka. Yatayabeba yale matone ya chumvi yaliyobaki.

Vidoadoa vikishatokea: siki nyeupe na maji, nusu kwa nusu, kwenye bati lililopoa kivulini. Lowesha kitambaa, kilaze juu dakika moja au mbili, suuza, osha kwa shampuu. Kidoa kisipotoka, kimeshakula ndani na dawa yake ni polishi.

Kuosha kwenyewe ninaosha kila wiki, kabla ya saa 2 asubuhi au baada ya saa 11 jioni. Gusa boneti kwa mgongo wa mkono. Ikiwa na joto, subiri. Ndoo mbili za lita 20, kila moja na maji lita 15. Ya kwanza shampuu ya gari mililita 30, ya pili maji matupu, na chini yake wavu wa plastiki ili mchanga ukizama usirudi juu. Rimu na tairi zina ndoo na brashi yao, zinatangulia. Kisha mwaga maji ya kutosha kabla ya kugusa chochote. Ukitumia mashine ya presha, kaa sentimita 40 hivi kutoka kwenye bati. Glovu ya maikrofaiba inaanza paani, vioo, boneti, nusu ya juu ya milango, na ya mwisho kabisa ni chini ya milango na bampa. Mstari ulionyooka, usizungushe mkono. Kila kipande kikiisha, glovu inasafishwa kwenye ndoo ya maji matupu ndipo irudi kwenye sabuni. Baada ya gari moja angalia kilichotulia chini ya wavu. Kijiko kizima cha mchanga mwekundu, na hicho ndicho kingekuwa kinasuguliwa kwenye rangi.

Sabuni ya unga ya kufulia iache. Ina ukali wa magadi, inakausha mipira na kufubaza plastiki nyeusi. Wanaopuliza dizeli chini ya gari ling'ae wakatalie kwa upole. Dizeli inalegeza mipira ya miguu ya gari na kukamata vumbi. Siku ya kuosha njiani mimi hulipia maji na povu tu. "Kaka, kitambaa ninacho mwenyewe, usiguse." Wanashangaa, lakini wanakubali.

Ila mwoshaji si adui mkubwa. Adui mkubwa ni upole wa mlinzi wa maegesho, anayepangusa vumbi kila asubuhi kwa kitambaa kikavu kwa nia njema kabisa. Ukisimama karibu unakisikia kile kitambaa, kinatoa sauti ya kukwaruza. Ile mikwaruzo ya duara kama utando wa buibui inayoonekana juani kwenye gari jeusi la miezi sita, sehemu kubwa imetoka hapo. Mpe kaka yetu hela yake ya soda na umwombe asipanguse kabisa. Kava la turubai lina shida ileile: ukilifunika gari lenye vumbi, upepo wa baharini unalisugua usiku kucha.

Kunguru. Hapa mjini huwezi kuwakwepa, na kinyesi chao kina asidi pamoja na punje za walichookota jalalani. Seramiki inakupa nafasi ya saa chache tu. Kilichodondoka saa 4 asubuhi nikakikuta saa 10 jioni kiliacha kovu, mpaka leo linaonekana kwenye paa. Usikipanguse kikavu. Weka tishu juu yake, imwagie maji ilowe, iache dakika tano, kisha inua tishu na uchafu kwa pamoja bila kusugua. Mimi natembea na chupa ya nusu lita na tishu kwenye mfuko wa mlango. Kivuli cha mwembe wenye maua au matunda nacho kina utomvu unaoshika na kuunguza. Ni afadhali jua.

Kila miezi mitatu napuliza seramiki ya chupa ya kunyunyiza, mipulizo miwili kwa kila kipande gari likiwa bado limelowa, nafuta na kukausha. Mwezi wa tisa tangu kupaka, maji yaliacha kusimama kama shanga pale nyuma, nikadhani imekufa. Haikuwa imekufa, ilikuwa imezibwa na chumvi. Siki kama nilivyoeleza, shampuu mara mbili, shanga zikarudi. Jaribu hilo kabla ya mtu kukuuzia tabaka jingine.

Kokoto za malori barabara ya Bagamoyo seramiki haizizuii hata kidogo. Bampa yangu ya mbele ina vitobo vinne. Kinachozuia kokoto ni filamu ya kulinda rangi, yenye unene wa maikroni 150 hadi 200. Kwa bajeti ileile ningeweka filamu bampa ya mbele, ukingo wa boneti na nyuma ya vishikio vya milango ambako kucha zinachora, kisha seramiki ya kunyunyiza sehemu zilizobaki. Na yadini ningewaambia siku ya kwanza: msilioshe, msilipanguse, nipeni na vumbi lake.